Diwani, Baraza na Halmashauri: Historia ya Istilah za Utawala wa Mahali, Karatu na Ngorongoro

Majina ya vyombo vya utawala wa mahali aghalabu huzaliwa mbali na utawala wenyewe. Neno la Kihispania cabildo, yaani baraza la mji, lina asili katika neno la Kilatini capitulum, 'sura ya kitabu'. Makasisi na watawa walikutana kusomewa sura. Mkutano ukachukua jina la sura, kisha baraza la mji likachukua jina la mkutano.

Diwani limepita njia kama hiyo. Neno hili la Kiajemi, lililotufikia kupitia Kiarabu, lilimaanisha daftari, kisha ofisi na baraza. Katika Mrima ya karne ya 19, diwani alikuwa mtawala wa mji. Leo Karatu ni mwakilishi wa kata anayepigiwa kura. Maana ya daftari imesalia katika ushairi, ambamo diwani ni mkusanyiko wa mashairi.

Baraza lina asili katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujitokeza. Mwambao ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, hadharani. Wakoloni walilitwaa kuitia mikutano ya kutangaza amri; uwazi ukabaki, mazungumzo yakapungua.

Halmashauri limebeba mashauri ndani yake. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, Sheria Na. 7 ya 1982 ilipozirejesha wilayani, jina hili ndilo lililobeba mamlaka. Katika Wilaya ya Karatu, iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, Baraza la Madiwani ni kikao, ilhali halmashauri ni chombo kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa.

Ngorongoro, tofauti hiyo si ya kamusi tu. Ndani ya hifadhi iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959, wakazi wamekuwa na Baraza la Wafugaji pamoja na halmashauri za vijiji. La kwanza huwasemea mbele ya hifadhi. Za pili husimama juu ya kijiji kilichosajiliwa. Ndiyo maana tangazo la serikali la Agosti 2024 la kufuta vijiji vya Tarafa ya Ngorongoro, ambalo Mahakama Kuu mjini Arusha ilisitisha utekelezaji wake mwezi huohuo, liligusa msingi wa istilahi yenyewe. Kijiji kikifutwa, watu bado wanaweza kukaa barazani na kushauriana, lakini mashauri yao hayana tena halmashauri ya kuyafanya maamuzi.