Jeshi Lililorudi Nyuma Wakati wa Masika: Moshi na Kahe, 1916

Wasikilizaji, katika nchi za Ulaya habari za majeshi yaliyoshindwa husimuliwa pamoja na theluji na baridi. Kwetu Kilimanjaro theluji hukaa kileleni. Kinachotawala mwendo wa majeshi ni masika. Basi na tueleze jinsi jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lilivyoiacha Moshi mwaka wa 1916.

Reli ya Tanga ilikuwa imekwisha fika Moshi tangu mwaka wa 1911, na kwa reli hiyo Jemadari von Lettow-Vorbeck alilisha jeshi lake. Jemadari Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alikusudia kuikata. Mwanzoni mwa Machi alipeleka kikosi kutoka Longido kizunguke mlima kwa upande wa magharibi. Wengine wakaja kwa njia ya Taveta. Usiku wa tarehe 11 Machi walipigana vikali katika vilima vya Latema na Reata. Kulipokucha vilima vilikuwa vitupu: Wadachi wamekwisha ondoka gizani. Siku chache baadaye Moshi ikatwaliwa.

Mtu aweza kudhani kwamba jeshi hilo lilivunjika. Sivyo. Kikosi cha Longido kilichelewa, na njia ya reli ikabaki wazi. Wadachi wakashuka mpaka Kahe, wakapigana tena tarehe 21 Machi. Huko walikuwa na mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji mwaka wa 1915. Hawakuweza kuuchukua, wakauharibu kwa mikono yao, wakavuka mto Ruvu usiku, wakafuata reli kuelekea Upare.

Ndipo masika yakaanza. Njia zikawa tope, magari yakakwama, homa ikawaangusha watu, na Smuts hakuweza kuendelea kuifuata reli mpaka mwezi wa Mei. Mvua ile ile iliyowalowesha walioshindwa ndiyo iliyowapa nafasi ya kupumua. Von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka Novemba 1918.

Lakini tusiwahesabu majemadari peke yao. Askari Waafrika walikuwako pande zote mbili, wakiulizana hali kwa Kiswahili kimoja kambini, kisha wakipigana kwa ajili ya ugomvi ulioanza Ulaya. Na pale reli ilipokoma, ulianza mgongo wa mpagazi. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi.

Majina ya majemadari yamo vitabuni. Majina ya wapagazi wengi hayamo. Ninyi wanafunzi, ulizeni nyumbani ni nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo, nanyi mkiambiwa jina, liandikeni. Hiyo nayo ni historia, na bila ninyi itapotea.