Burne-Jones na Madirisha ya Birmingham

Vitabu vingi vya historia ya sanaa humjadili Edward Burne-Jones kwa picha zake za turubai. Vioo vya rangi alivyobuni kwa ajili ya makanisa hutajwa pembeni, kana kwamba vilikuwa kibarua cha kujazia riziki. Mizani hiyo naona imeinama upande usio wake. Kilele cha sanaa yake kiko madirishani.

Alizaliwa Birmingham, mji wa viwanda na moshi, tarehe 28 Agosti 1833. Mama yake alifariki siku chache baadaye, akalelewa na baba aliyekuwa fundi wa fremu za picha. Mwaka 1853 alijiunga na Chuo cha Exeter kule Oxford, nia yake ikiwa ni kuwa kasisi. Hapo ndipo alipokutana na William Morris, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mwaka 1855 walizuru makanisa makuu ya kale kaskazini mwa Ufaransa, na kabla ya kurudi kwao ukasisi ulikuwa umewatoka moyoni. Burne-Jones aliamua kuwa mchoraji. Dante Gabriel Rossetti akampokea London na kumwongoza, na kufikia 1857 alikuwa ameshaanza kubuni vioo kwa kampuni ya James Powell and Sons.

Mwaka 1861 Morris na wenzake, Burne-Jones akiwemo, walianzisha kampuni yao ya sanaa za mapambo. Inafaa kueleza jinsi dirisha lilivyotengenezwa, maana hapo ndipo sifa zinapostahili kugawanywa. Burne-Jones alichora watu kwa ukubwa kamili wa dirisha: mikao, mikunjo ya mavazi, mikono iliyoinuliwa. Mara nyingi hakutia rangi. Kuchagua rangi, na kuamua vipande vya risasi vipite wapi, ilikuwa kazi ya Morris. Kisha mafundi walikata vioo, wakachora nyuso na vidole juu yake, wakavichoma tanurini ili wino ushike, ndipo wakaviunga kwa risasi. Dirisha ni kazi ya mikono mingi, na majina ya wengi wa mafundi hao hayatajwi kabisa. Hilo ni deni la wanahistoria.

Mwaka 1870 picha yake ya Phyllis na Demophoön ilizua kashfa kwa sababu ya mwanamume aliyechorwa uchi. Burne-Jones aliiondoa kwenye maonyesho, akajiuzulu katika chama cha wachoraji wa rangi za maji, na kwa miaka saba hakuonyesha hadharani ila kazi chache mno. Umaarufu ulimjia 1877, jumba la Grosvenor Gallery lilipofunguliwa London. Lakini katika miaka hiyo ya ukimya hakuacha kubuni vioo, na tangu 1875, kampuni ilipobaki mikononi mwa Morris peke yake, yeye ndiye aliyekuwa mbunifu wake mkuu wa madirisha.

Kanisa la Mtakatifu Philip, Birmingham, ndimo alimobatizwa. Kwa ajili ya kanisa hilo alibuni Kupaa kwa Kristo, 1885, kisha Kuzaliwa kwa Yesu na Kusulubiwa, 1887. Mwanamke aliyegharamia kazi hiyo hakutaka ng'ombe katika picha ya Kuzaliwa, na kweli hawamo. Dirisha la nne, Hukumu ya Mwisho, lilikamilika 1897, baada ya Morris kufariki. Juu, Kristo amezungukwa na malaika. Katikati, mji unabomoka. Chini, watu wamesongamana, wamejaa hofu. Nyekundu na buluu zinawaka bega kwa bega, na mistari ya risasi inafuata miili bila kuikata ovyo. Sijaona picha yake ya turubai yenye nguvu kama hiyo.

Burne-Jones alifariki tarehe 17 Juni 1898, na ibada ya kumkumbuka ilifanyika Westminster Abbey. Kanisa la Mtakatifu Philip lilifanywa kanisa kuu mwaka 1905. Katika Vita Kuu ya Pili vioo vyake viliondolewa na kufichwa mgodini Wales, na mwaka 1940 bomu likaliteketeza kanisa kwa ndani. Baada ya vita vilirudishwa mahali pake. Msomaji atakayefika Birmingham aende asubuhi kwa madirisha matatu ya mashariki, kisha arudi alasiri, jua likiwa upande wa magharibi, aitazame Hukumu ya Mwisho.