Ukuta Uliojengwa na Wengi

Somo letu la leo ni Waraka wa Paulo kwa Waefeso, mlango wa pili, kuanzia aya ya 11 hata mwisho wa mlango. Mwenye Biblia na aweke kidole hapo. Kabla ya kulifikia somo hilo, twataka kuzungumza habari za ukuta mmoja ulio karibu nasi, ambao wengi wetu hapa Kisii na Nyamira hatujapata kuuona.

Watu wakisikia habari za magofu ya kale, hufikiri ni mambo ya mbali. Huyu atataja Rumi na majumba yake ya mawe. Yule atataja Gede, karibu na Malindi, mji wa Waswahili wa kale ambao wenyewe waliuhama katika karne ya 17, au Lamu, mji wa kale ambao watu wanakaa ndani yake hata leo. Lakini sisi tulio nyanda za juu za Gusii hatuhitaji kwenda mpaka pwani. Tukiteremka kuelekea Ziwa Victoria, katika wilaya za Migori za zamani, ambazo sasa ni Kaunti ya Migori, tutapakuta Thimlich Ohinga, kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Mwaka 2018 shirika la UNESCO lilipaandika katika orodha ya urithi wa dunia, pakawa mahali pa saba katika Kenya kupewa heshima hiyo.

Tulifunga safari ya siku moja pamoja na waumini wa mtaa wetu: wazee, akina mama na vijana. Tuliondoka Kisii alfajiri, tukateremka Rongo, tukapita Rodi Kopany na Ndhiwa. Migomba na majani ya chai yakabaki nyuma, tukaingia nchi ya joto, ya miiba na mifugo. Mahali penyewe tulipokewa na kijana mmoja Mjaluo, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni. Akatuambia kwamba kwa Kidholuo ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha.

Ndani ya eneo hilo yamo maboma makubwa manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake nyingine ni fupi kuliko mtu, nyingine zapita meta 4 kwenda juu, na unene wake ni kati ya meta 1 na meta 3. Wataalamu wadhani kwamba zilianza kujengwa katika karne ya 16. Tena Thimlich Ohinga si peke yake. Katika nchi hiyo ya kusini mwa ziwa yamehesabiwa maboma zaidi ya 500, mahali 138, lakini hili ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote.

Jambo lililotushangaza zaidi ni ujenzi wake. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kushikiza. Warumi wa kale walisifika kwa chokaa yao iliyoshika majengo kwa miaka elfu na zaidi, bali hawa wajenzi wa kwetu walipanga mawe makavu tu. Wala mawe yenyewe hayakuchongwa. Sisi watu wa Gusii twajua kuchonga mawe. Tabaka imejulikana ulimwenguni kwa kazi hiyo. Lakini pale Thimlich kila jiwe lilichukuliwa jinsi lilivyo, lenye pembe au lenye kibyongo, likatafutiwa mahali panapolifaa. Kijana yule akatuonyesha palipobomoka kidogo, tukaona ndani ya ukuta. Kuna safu ya mawe upande wa nje, na safu nyingine upande wa ndani, na katikati yamejazwa mawe madogo madogo. Hayo madogo hayaonekani na mpita njia, lakini ndiyo yanayozishika zile safu mbili zisiachane.

Milango ni ya chini. Mtu mzima hawezi kuingia ila kwa kuinama, na adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Karibu na mlango palikuwa na mahali pa mlinzi. Ndani mlikuwa na nyumba, na mazizi ya ng'ombe, na mahali pa kufulia chuma. Basi hatusemi kwamba watu wa kale walikuwa malaika. Walijenga kwa sababu ya hofu. Wezi wa mifugo walikuwako, na wanyama wakali walikuwako. Hata baba zetu wa Gusii walikuwa na ebisarate, makambi ambamo vijana walilinda ng'ombe, mpaka serikali ya kikoloni ilipoyapiga marufuku karibu na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hofu hiyo ilikuwa ya makabila yote ya nchi hii, nasi tulikuwamo.

Tulipokwisha kuzunguka, mzee mmoja wetu akamwuliza kijana, "Mwanangu, boma hili ni la nani? Ni ninyi mlilijenga, au ni watu wa kabila letu?"

Wasikilizaji, swali hilo si dogo. Wazee wetu husimulia kwamba Abagusii walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa pande za ziwa na nchi ya Kano, wakapita Kabianga, hata wakafika vilima hivi tulivyo navyo leo. Nao wanahistoria wengi wasema kwamba kabla ya Wajaluo kuenea kusini mwa ziwa, nchi hiyo ilikuwa na watu wa lugha za Kibantu. Kwa hiyo vijana wetu wakakaza masikio. Kama jibu ni "letu", wangerudi Kisii wakijisifu. Kama jibu ni "lao", pengine wangenung'unika njia nzima.

Kijana akajibu kwa upole, "Baba, walioweka jiwe la kwanza pengine walisema lugha nyingine. Babu zetu walikuta kuta zimesimama. Walioingia walizitengeneza, na walipoondoka wengine wakaja wakazitengeneza tena. Kama kila mmoja angalibomoa kazi ya mwenzake, msingalikuta kitu leo."

Na ndivyo wataalamu wanavyothibitisha. Watu wa jamaa mbalimbali walikaa humo, kundi baada ya kundi, hata nusu ya kwanza ya karne ya 20, ndipo wa mwisho wakatoka kwenda kukaa katika miji yenye ua wa miti. Kila kundi lilirithi ukuta wa watu wasio ndugu zake, likautunza. Boma lilipoachwa bila mtu, miti ikaanza kusukuma mawe na kuta zikaanguka sehemu sehemu. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund lilipatia mahali hapo katika orodha yake ya mahali 100 palipo hatarini. Basi si wageni walioharibu ukuta ule. Uliharibika hasa ulipokosa mtu wa kurudishia jiwe lililoanguka.

Sasa na tufungue Waefeso. Paulo aandika kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati kilichotenga watu wawili, Wayahudi na Mataifa. Wasomaji wake walikijua kiambaza hicho. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na kizuizi cha mawe, na mtu wa Mataifa hakuruhusiwa kukivuka. Mwaka 1871 lilipatikana huko Yerusalemu jiwe moja lenye maandishi ya Kiyunani, likimwonya mgeni kwamba akivuka na kukamatwa, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Tena someni Matendo ya Mitume mlango wa 21. Paulo alikamatwa hekaluni kwa sababu watu walidhani amemvusha mgeni, jina lake Trofimo. Na huyo Trofimo alikuwa mtu wa Efeso! Leo mji wa Efeso ni magofu katika nchi ya Uturuki. Bandari yake ilijaa matope, watu wakauhama. Hekalu la Yerusalemu nalo lilibomolewa na Warumi mwaka 70, kizuizi na yote. Lakini jengo ambalo Paulo alilitaja mwishoni mwa mlango huo, lililojengwa kwa watu waliokuwa wageni na sasa ni watu wa nyumbani mwake Mungu, hilo lingali linajengwa.

Ndugu wapenzi, tuna sababu ya kusema haya hapa Kisii. Mwanzoni mwa mwaka 2008, mpakani mwa Borabu na Sotik, nyumba na maduka yaliteketezwa, na majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakaoneana hofu. Wengi wetu tuliwapokea ndugu waliofukuzwa Bonde la Ufa, wamebeba watoto na vyombo vichache. Kisha utulivu ukarudi, tukadhani mambo yamekwisha. Lakini ukuta usiotengenezwa huanguka polepole bila kelele. Kila unapokaribia uchaguzi, maneno ya zamani hurudi: hawa ni wageni, hawa si wetu. Hata ndani ya boma moja ndugu wa tumbo moja hupelekana kortini kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hata kanisani husikika, "Kanisa hili lilijengwa na ukoo wetu."

Neno la Mungu latuonyesha njia nyingine. Katika kitabu cha Nehemia mlango wa tatu imeandikwa orodha ndefu ya majina, na wengi husoma upesi ili waimalize. Someni polepole. Wamo makuhani, wafua dhahabu, wafanya biashara na mabinti, na mara nyingi imetajwa kwamba mtu alitengeneza palipokabili nyumba yake mwenyewe. Ukuta wote ulimalizika kwa siku 52. Hakuna aliyeambiwa autengeneze mji mzima. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na wengi walitengeneza iliyo mbele ya mlango wao.

Basi sehemu yako ni ipi? Pengine ni jirani mnayepakana naye, ambaye tangu mwaka jana hamjasalimiana. Pengine ni mkwe wa kabila lingine, ambaye nyumbani kwenu mwamwita kwa jina la kabila lake badala ya jina alilobatizwa. Pengine wewe wajiona jiwe dogo, mjane au kijana asiye na kazi, usiyeonekana katika safu ya mbele. Kumbuka yale mawe madogo ya katikati. Bila hayo, yale makubwa yangekwisha kuachana zamani.

Twawasihi wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili wawapeleke vijana Thimlich Ohinga. Ni safari ya siku moja tu. Wakauone urithi ambao kabila moja peke yake haliwezi kuudai.

Na tuombe. Ee Baba wa wote, uliyetuita kutoka mbali na kutufanya watu wa nyumbani mwako, utuondolee hofu inayotufanya kuwakimbia ndugu zetu. Utuonyeshe jiwe lililoanguka mbele ya mlango wetu, utupe na mikono ya kulirudisha. Utulindie amani ya nchi yetu na ya majirani zetu pande zote za mipaka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.