Tundu la Ubavuni

Difu ya lori ina matundu mawili yenye vizibo vya kukaza kwa spana. Moja liko chini, la kutolea oili iliyochoka. Jingine liko ubavuni, la kujazia mpya. Oili ya injini humiminwa kutoka juu, na anayeimimina husimama wima. Oili ya gia huingizwa kwa pembeni, na anayeiingiza mara nyingi amelala chali. Ni nzito, inanuka kiberiti, na kwa kawaida hakuna kijiti cha kuipimia. Utajua imejaa pale inapoanza kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu lenyewe. Kwa maneno mengine, waliobuni chombo hiki walikubali tangu mwanzo kwamba oili kidogo itamwagika, na kwamba chini yake kutakuwa na mtu.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu gereji za Dar es Salaam. Nimepitia vitabu vingi vya mwongozo wa magari. Vinataja aina ya oili, kiasi chake kwa lita, na nguvu ya kukazia kizibo. Kuhusu aliyelala chini havisemi kitu. Ndipo nikaanza kujiuliza: njia za kujaza oili bila kujimwagia zilitoka kwa nani?

Jibu la kwanza nililipata mbali, kwenye reli za Marekani. Elijah McCoy alizaliwa Ontario, Kanada, mwaka 1844, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Walimpeleka Scotland akasomea uhandisi wa mitambo. Aliporudi na kutafuta kazi Michigan, kampuni ya reli haikumpa uhandisi mtu mweusi. Ilimpa kazi ya kuchochea moto na kutia oili kwenye garimoshi. Mwaka 1872 alisajili hataza ya kifaa kilichodondosha oili chenyewe kwenye silinda ya injini ya mvuke. Vifaa vya namna hiyo vilikuwepo kabla yake, lakini yeye aliendelea kuviboresha hadi akawa na hataza zaidi ya 50. Ninachokiona mimi katika maisha yake ni kwamba elimu ya Scotland na kopo la oili vilikutana katika mkono mmoja. Ubaguzi ulimpeleka kwenye oili, na huko akaona ambacho wahandisi wa ofisini hawakulazimika kukiona.

Oili ile ya mvuke haikubaki relini. Magari ya mwanzo yalipokuja, oili nzito za silinda za mvuke zilitumika pia kwenye gia boksi na difu. Hata Ford Model A, iliyoanza kuuzwa 1927, ilitumia oili ya aina hiyo. Wakati huohuo gia zenyewe zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1926 kampuni ya Packard ilileta gia za haipoidi kwenye magari yake. Katika mpangilio huo, gia ndogo inayoshikana na propela shafti hukaa chini ya mstari wa kati wa gia kubwa. Propela ikashuka, sakafu ikashuka, na abiria wakakaa karibu zaidi na barabara. Lakini meno ya gia hizo husuguana kwa nguvu kubwa mno, na oili ya zamani haikuyahimili. Zikahitajika oili zenye kemikali za salfa. Harufu ile ya kiberiti ndiyo alama yake. Abiria alipata starehe. Aliyekuwa chini alipunguziwa nafasi ya kupitisha kopo, akaongezewa oili inayonuka.

Mtu anaweza kusema kumwagikiwa oili ni uchafu tu, na uchafu huoshwa. Viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, vinasema vingine. Humo wanaume waliendesha mashine ndefu za kusokotea nyuzi. Walikuwa wakiinama juu ya nondo ya mashine kuunga nyuzi zilizokatika, na oili ya vyuma ikiwarukia mapajani siku nzima, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Manchester, Southam na Wilson, walichapisha ripoti kuhusu saratani ya mfuko wa korodani iliyowaandama wafanyakazi hao. Kanuni za kuwalinda kwa oili salama zaidi zilitoka mwaka 1953, miaka 31 baadaye. Leo shirika la utafiti wa saratani la WHO linahesabu oili za madini zisizosafishwa vizuri kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Oili nyingi za sasa husafishwa zaidi, lakini somo la Lancashire halijazeeka: kinachoonekana kama doa la nguo kinaweza kuwa suala la uhai.

Kwa hiyo gereji ninazozitembelea nimezitazama kwa jicho hilo. Njia ya zamani kuliko zote huko ni mpira na faneli. Mpira huteremshwa kutoka juu, kando ya injini, hadi kwenye tundu la gia boksi. Mmoja anamimina, mwenzake chini ameshika ncha. Oili ikianza kuchungulia, wa chini anapaza sauti: "Basi!" Shida ni kwamba oili iliyobaki ndani ya mpira haisikii neno hilo, na wa chini lazima aukunje haraka. Faneli yenyewe mara nyingi ni chupa ya maji iliyokatwa kitako. Kabla ya plastiki ilikuwa ya bati, kazi ya mafundi walewale waliogeuza makopo matupu kuwa vibatari.

Wengine hutumia chupa laini yenye mdomo mrefu, wakaiminya. Inafaa pale mkono unapofika. Wengine wana bomba lenye mche, mfano wa sindano kubwa: unavuta oili kutoka kwenye ndoo, unaingiza ncha tunduni, unasukuma. Ni la polepole, ila aliye peke yake halazimiki kumwita mtu. Gereji zenye uwezo zina pampu ya mkono inayofungwa juu ya ndoo. Na niliona fundi aliyenunua bomba jipya la kunyunyizia dawa za mazao, akaling'oa ncha ya kunyunyizia na kuunga mpira mnene. Anapiga upepo mara kadhaa, oili inapanda yenyewe.

Alinieleza pia yasiyohitaji kifaa. Kopo huanikwa juani kwanza, oili ilegee. Beseni hukaa chini ya tundu kabla kizibo hakijaguswa. "Na anza na kizibo cha kujazia, dada," aliniambia. "Ukishamwaga ya zamani halafu hicho kikagoma kufunguka, gari halitoki hapa." Nilipomuuliza kwa nini alihangaika na lile bomba, sikutegemea jibu lake. Hakutaja saratani wala hasara ya oili. Alisema ovaroli yake hufuliwa nyumbani, katika beseni moja na nguo za watoto.

Jibu hilo limebadilisha tasnifu yangu. Nilikuwa nimepanga sura ya vifaa kwa kufuata tarehe za hataza, na hataza zina majina. Mpira uliokatwa, faneli ya bati, bomba la dawa lililogeuzwa: hivi havina jina wala tarehe, na vikichakaa hutupwa. Sasa sura hiyo inafuata mwili wa anayefanya kazi: amelala wapi, mkono unafika wapi, oili inamwangukia wapi, na inaenda na nani nyumbani. Ukiipanga hivyo, McCoy na fundi yule wanakaa ukurasa mmoja, kwa kuwa wote wawili walitengeneza kile ambacho aliyechora mashine hakuhitaji kukifikiria.