Kutoka Uhuru hadi Uhura: Ushabiki wa Star Trek na Safari ya Neno la Kiswahili, Ukitazamwa kutoka Bukoba

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Septemba 1966, shirika la televisheni la NBC la Marekani lilirusha kwa mara ya kwanza Star Trek, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi kuhusu safari za chombo cha angani kiitwacho Enterprise. Katika sehemu hiyo ya kwanza watazamaji wa Marekani walisikia Kiswahili. Kiumbe cha sayari ya mbali, kilichojigeuza kuwa mwanamume wa Kiafrika, kilimsemesha kwa Kiswahili afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, Luteni Uhura, ili kimnase. Afisa huyo alikuwa mwanamke mweusi, na jina lake lilitokana na neno uhuru.

Mkazi wa Bilele, mjini Bukoba, hakuwa na namna ya kuiona tamthilia hiyo nyumbani kwake siku hiyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa na ikaelekeza nguvu zake kwenye redio. Uganda, jirani wa kaskazini, ilikuwa na televisheni tangu 1963, na Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi vituo binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994. Hivyo basi, neno ambalo wazee wa Bukoba walilipigania lilikuwa limezunguka angani, katika ubunifu wa watu wengine, kwa takriban miaka 30 kabla ya vituo vya Bara kuanza kurusha matangazo.

Insha hii inachunguza safari ya neno hilo kupitia ushabiki wa watu walioipenda tamthilia. Hoja yake kuu ni kwamba ushabiki huo ni sehemu ya historia ya Kiswahili, na haufai kuachwa kama kioja cha burudani ya kigeni. Hata hivyo, historia hiyo ina pande mbili: neno lilipokewa kwa heshima, lakini lugha iliyolizaa ilipewa nafasi finyu.

2.0 Neno uhuru katika mazingira ya Bukoba

Ili kupima kilichobadilika, ni muhimu kuanza na uzito wa neno hili nyumbani. Siasa za kisasa katika eneo la Bukoba zina mizizi mirefu. Chama cha Bukoba Bahaya Union kiliasisiwa mwaka 1924, na Klemens Kiiza alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Katika miaka ya 1950 Ali Migeyo, mmoja wa wanasiasa mashuhuri wa eneo hilo, alifungwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya shughuli zake za kisiasa. Wasifu wake, ulioandikwa na G. R. Mutahaba, ulichapishwa mwaka 1969, mwaka uleule Star Trek ilipositishwa baada ya misimu mitatu na sehemu 79. Kwa kizazi cha Migeyo, uhuru lilikuwa neno lenye jela nyuma yake. Lilipotimia tarehe 9 Desemba 1961, lilikuwa limekwisha kulipiwa.

Aidha, wakazi wengi wa Bukoba na Muleba hawakulipokea neno hili kama neno la lugha ya mama. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kihaya; Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya soko, ya mkutano wa hadhara na ya chama. Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwa mjadala unaofuata. Mhaya wa Kamachumu na Mmarekani mweusi wa Chicago walikuwa na jambo moja linalowakutanisha: wote wawili walikipokea Kiswahili kama lugha waliyojifunza, nao wakaipa maana ya ukombozi.

Wala wazo la safari za angani halikuwa geni katika Kiswahili. Riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, iliiweka nchi nzima angani na kuwatuma wajumbe wake pande sita kutafuta maarifa. Wajumbe hao waliporudi walitiwa kifungoni badala ya kushukuriwa. Miaka 15 kabla ya Enterprise, msomaji wa Kiswahili alikwisha kukutana na wasafiri wa kubuniwa waliotumika kuhoji watawala wa kweli.

3.0 Kuzaliwa kwa jina Uhura

Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye usaili wa tamthilia akiwa na kitabu mkononi. Kitabu hicho kilikuwa Uhuru, riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962. Ruark alikuwa Mmarekani mweupe, na riwaya yake iliitazama Kenya ya wakati wa kuelekea uhuru hasa kwa jicho la walowezi na wawindaji. Jina la kitabu hicho lilimvutia Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia. Likalainishwa kidogo, u ya mwisho ikawa a, na jina la mhusika likawa Uhura. Kwa hiyo njia ya neno hili hadi Los Angeles haikupitia Dar es Salaam wala Nairobi moja kwa moja. Lilipita katika kitabu cha mtu ambaye hakuwa mtetezi wa kile ambacho neno lenyewe lilidai.

Badiliko la irabu moja linastahili kuchunguzwa. Lilikusudiwa kulifanya neno liwe la kike. Kwa mujibu wa sarufi, nomino za Kiswahili hazipangwi kwa jinsi ya kike na ya kiume, na uhuru, ikiwa nomino dhahania yenye kiambishi u-, haiwezi kugeuzwa kuwa ya kike kwa kubadili irabu ya mwisho. Kwa kigezo hicho, Uhura si neno la Kiswahili. Hata hivyo, majina ya watu yana kanuni zake. Mzizi -huru una asili ya Kiarabu, na katika majina ya pwani yenye asili hiyo irabu a ya mwisho huwa alama ya kike: Said na Saida, Aziz na Aziza, Jamil na Jamila. Bila kukusudia, wabunifu wa Hollywood waliunda jina linalofuata desturi ya majina ya pwani.

Kwa msikilizaji wa Bukoba jambo linazidi kuwa la kuvutia, kwa sababu Kihaya huonyesha jinsi ya mtu mwanzoni mwa jina. Majina mengi ya kike huanza na Koku-, kama Kokushubira na Kokugonza, ilhali Rwe- husikika katika majina ya kiume kama Rweyemamu na Rwegasira. Kwa masikio hayo, Uhura halijitambulishi kuwa jina la mwanamke. Linabaki kusikika kama uhuru uliotamkwa na mgeni. Jina moja, basi, husikika kwa namna tatu tofauti: Marekani, pwani na Bukoba.

4.0 Shabiki aliyemwomba Uhura asiondoke

Ushabiki wa Star Trek ulikuwa na nguvu ya kijamii tangu mwanzo. Msimu wa pili ulipoelekea mwisho na habari za kusitishwa kwa tamthilia zikaenea, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua kwa NBC, na msimu wa tatu ukapatikana. Lakini kwa historia ya Kiswahili, shabiki mwenye uzito zaidi ni mmoja, naye ni Martin Luther King.

Kwa masimulizi ya Nichols, baada ya msimu wa kwanza aliamua kuacha kazi hiyo na kurudi kwenye jukwaa la maigizo. Katika hafla ya chama cha kutetea haki cha NAACP aliambiwa kwamba kuna shabiki anayetaka kumwona. Alipogeuka alimkuta King, ambaye alimweleza kwamba tamthilia hiyo ndiyo pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha kuitazama. Alipomweleza nia yake ya kuondoka, King alimsihi abaki, kwa hoja kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wakionekana kama wanavyostahili kuonekana. Nichols akabaki.

Mtafiti wa historia hana budi kuipima habari hii. Chanzo chake kikuu ni Nichols mwenyewe, na King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Ni ushuhuda wa upande mmoja, uliosimuliwa na kukaririwa kwa miongo mingi, ukiwemo katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1994. Pamoja na hayo, kiini chake kinaafikiana na mwenendo wa King unaojulikana. King alihudhuria sherehe za uhuru wa Ghana mwezi Machi 1957, na mwezi Mei 1959 alimkaribisha Tom Mboya wa Kenya mjini Atlanta. Mtu huyo hakuhitaji kufasiriwa maana ya uhuru kwa Waafrika.

Mazingira ya wakati huo yanaithibitisha picha hiyo. Mwezi Desemba 1966, miezi mitatu tu baada ya Uhura kuonekana, Maulana Karenga aliasisi sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba iliyopewa majina ya Kiswahili, ujamaa ukiwa mmojawapo. Ushabiki wa Uhura ulikua katika udongo huohuo. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu kilihusishwa na mataifa yaliyojikomboa, ingawa wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati.

5.0 Kiswahili kama lugha ya kuachwa: 1967

Upande wa pili wa historia hii unaonekana katika sehemu iitwayo The Changeling, iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1967. Mashine ya angani inafuta kumbukumbu zote za Uhura, naye analazimika kufundishwa upya. Anapokwama katika kusoma Kiingereza, anarudia Kiswahili, na muuguzi anayemfundisha anamtaka akiache na aendelee kwa Kiingereza. Katika mantiki ya tamthilia, Kiswahili ni lugha iliyobaki rohoni baada ya elimu kufutwa, na Kiingereza ndicho kinachomrudisha kazini.

Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa ikitenda kinyume. Mwezi Januari 1967 Rashidi Kawawa alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi Machi ilitolewa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka huohuo. Mtoto wa Bilele aliyeingia darasani wakati huo alifundishwa hesabu na sayansi kwa lugha ambayo Uhura alitakiwa kuiweka kando ili ajifunze.

Ulinganisho huu haupaswi kuishia kwenye majivuno. Mtoto huyohuyo wa Bilele alitakiwa kukiacha Kihaya mlangoni mwa shule, na alipofaulu kuingia sekondari alitakiwa kukiacha Kiswahili pia, kwa sababu Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kufundishia kuanzia hapo. Sauti ya yule muuguzi ilisikika pia katika madarasa ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, ulioitwa Kagera baada ya vita ya 1978–1979. Tofauti ni kwamba Uhura alisahau kwa sababu ya mashine, ilhali mwanafunzi alitakiwa kusahau kwa mujibu wa mtaala.

6.0 Shabiki aliyejifunza lugha

Ushabiki unaweza kuishia kwenye jina, lakini unaweza pia kusonga mbele. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimtumia Nichols kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na Sally Ride na Guion Bluford, ambaye mwaka 1983 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kwenda angani.

Mfano ulio karibu zaidi na mada hii ni wa Mae Jemison. Akiwa mtoto mjini Chicago alimpenda Uhura kwenye televisheni. Alisomea uhandisi na udaktari, na alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alifika Kenya kwa shughuli za afya. Wasifu wake hukitaja Kiswahili miongoni mwa lugha anazozizungumza. Mwezi Septemba 1992 alisafiri kwa chombo cha Endeavour na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani. Huko alianza zamu zake kwa kurudia maneno ya kazi ya Uhura. Mwaka uliofuata aliigiza katika sehemu moja ya Star Trek: The Next Generation. Kinachomtofautisha na mashabiki wengi ni kwamba alifuata jina hadi kwenye lugha. Tamthilia ilikifanya Kiswahili kuwa kumbukumbu ya Uhura. Yeye alikifanya kuwa sehemu ya elimu yake.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba neno uhuru lilipotoka Afrika ya Mashariki na kuingia Star Trek lilipoteza baadhi ya vitu na kupata vingine. Lilipoteza sarufi yake na historia ya jela za watu kama Migeyo. Lilipata uso wa mwanamke mwenye cheo na ujuzi, ambaye King alimwona kuwa muhimu kiasi cha kumsihi asiondoke. Filamu ya mwaka 2009 ilitamka jina lake la kwanza, Nyota, na hivyo kuongeza neno jingine la Kiswahili angani. Lakini kuongeza majina hakujibu swali la mwaka 1967: je, Kiswahili ni lugha ya kumpa mhusika asili tu, au ni lugha ya kuendeshea chombo?

Swali hilo linawahusu wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili zaidi ya linavyowahusu waandishi wa Hollywood, kwa kuwa jibu lake hutolewa madarasani na maabarani. Utafiti wa masimulizi katika Bilele na Kamachumu unaweza kuanza na jambo dogo: kumuuliza mtazamaji aliyesoma shule ya msingi baada ya 1967 anasikia nini jina la Uhura linapotamkwa. Ni mtu anayejua neno hilo linatoka wapi na lilipatikana kwa gharama gani. Historia ya ushabiki huu haitakamilika bila sauti yake.