Sahihi ya Kwenye Kona

Nikisema nimechora katuni magazetini kwa jina ambalo baba yangu hakunipa, mtu huuliza nilikuwa namkimbia nani. Sikumkimbia mtu. Nilibanwa na wino.

Kabla ya kompyuta tulichora kwenye karatasi ngumu, mchoro mkubwa kuliko nafasi ya ukurasani, nao ukapigwa picha na kupunguzwa. Hapo mistari myembamba hukatika, na herufi zilizobanana hujaa wino. Sahihi ndefu inatoka doa. Mtazame Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam: kwenye kona ya katuni ni Gado, herufi nne zinazosomeka hata gazeti likishafungiwa vitumbua. Paul Kelemba wa Nairobi ni Maddo. Hakuna siri hapo, majina yao kamili yanajulikana. Gado alipoingia gazeti la Nation mwaka 1992, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye chama kimoja, aliwachora wakubwa huku kila mtu akijua ni yeye.

Aliyejificha kweli ni wa London. Kuanzia 1829, duka la Thomas McLean liliuza michoro ya wanasiasa yenye sahihi HB, na mji ukabaki kubahatisha ni nani. Alikuwa John Doyle, mchoraji wa sura za watu kutoka Dublin, naye aliitunza siri hiyo zaidi ya miaka kumi. Sahihi yenyewe ilikuwa fumbo: alizipanga herufi zake za mwanzo mara mbili, jozi juu ya jozi, J ikiandikwa kama I. D mbili zikawa B, zilizobaki zikafanywa H. Mwanawe Richard, aliyechora jalada lililodumu la jarida la Punch, yeye alikuwa anatia kindege kwenye sahihi yake. Mjukuu ni Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes. Ukoo huo ulipenda watu wahangaike kutafuta.

John Doyle aliweza kujificha kwa sababu alimalizana na mwenye duka. Mchora katuni wa gazeti anakaa chumba kimoja na waandishi, anagombea kiti na mpiga picha, na dereva wa gari la magazeti anamjua mpaka anakoishi. Halafu kwetu Tanzania Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti zima. Lakabu ya mchoraji ingemkinga nani? Mimi ilinikosesha hata hela: vocha iliandikwa jina la kwenye katuni, kitambulisho kina jina la ukoo, na mhasibu akagoma kulipa mpaka mhariri alipokuja dirishani kuapa kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Kinachommeza mchoraji huku kwetu, kwa maoni yangu, ni mhusika wake. Chakubanga wa gazeti la Uhuru alijulikana kwa watu ambao wasingeweza kukutajia Christian Gregory, aliyemchora. Juha Kalulu wa Taifa Leo amewachekesha Wakenya vizazi kadhaa. Jaribu kuwauliza wangapi wanalijua jina la Edward Gitau. Mhusika ana pua yake, ana nguo zake zilezile, kesho yumo tena. Mchoraji ana nini? Sahihi ya kwenye kona, ambayo msomaji anaipita akikimbilia michezo.

Ali Masoud aliona mbali: akachukua jina la mhusika wake likawa lake. Kile kipanya anachokichora ndani ya katuni zake kilimpa jina, na msikilizaji wa redio leo anamjua kama Masoud Kipanya. Kipanya kikafupishwa kuwa KP, na Machi 2022 alipozindua gari la umeme jijini Dar es Salaam, gari hilo likaitwa Kaypee.