Lugha ya Mashabiki: Kutoka Mpira wa Miguu hadi Magongo ya Barafuni

Tunapoeleza historia ya kukua kwa Kiswahili, kwa kawaida tunaanza na shule, mahakama, Bunge na ofisi za serikali. Uwanja wa michezo hutajwa mwishoni, au hautajwi kabisa. Hali hii haistahili kuendelea, kwa sababu ni vigumu kupata watumiaji wa lugha wenye bidii kuliko mashabiki wanaobishana tangu msimu unapoanza hadi unapokwisha, wala hawalipwi chochote kwa kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mashabiki walivyotupatia istilahi za michezo, na kuuliza kama istilahi hizo zinatosha kuupokea mchezo mgeni uliokwisha kubisha hodi Afrika Mashariki, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Ili mjadala wetu usielee hewani, yafaa tuuweke mahali. Kimuli ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Kabla ya mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa katika Wilaya ya Karagwe. Ni nchi ya migomba na kahawa, mbali sana na Dar es Salaam, na karibu na Rwanda na Uganda. Lugha ya nyumbani ni Kinyambo. Kiswahili hakikuingia huko jana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, ndani ya ufalme wa Karagwe, na Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 alifuata njia ambazo misafara yao ilikuwa imekwisha kuzizoea. Lakini Kiswahili cha misafara kilikuwa cha pembe, nguo na shanga. Kiswahili cha ubishi wa mpira kilikuja baadaye sana, na mpandaji wake mkubwa ni redio.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtangazaji wa mpira alikuwa na kazi ambayo mwandishi wa sheria hakuwa nayo: ilimpasa amwonyeshe msikilizaji kitu ambacho msikilizaji hakioni, na afanye hivyo kabla mpira haujafika upande wa pili. Hakuwa na nafasi ya kueleza neno. Neno lililohitaji maelezo lilikuwa limekwisha kushindwa. Msikilizaji wa Karagwe, ambaye pengine hajapata kuuona uwanja wa Dar es Salaam hata siku moja, ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mwisho. Kama alilielewa neno, kesho yake alilitumia katika ubishi. Kama hakulielewa, lilikufa.

Tukiyachunguza maneno yaliyopona katika jaribio hilo, tunaona kwamba mengi yametazama kitendo chenyewe. Mlinda mlango ni yule asimamaye penye mlango asiruhusu mtu kupita. Kiungo ni yule anayeunganisha ulinzi na mashambulizi, kama kiungo cha mwili kinavyounganisha mfupa na mfupa. Kuotea ni neno la mwindaji: ni kujibanza mahali ukingoje kitu kije, jambo ambalo porini ni ustadi na uwanjani ni kosa. Bao tumelichukua katika mchezo wa kale wa barazani. Pamoja na hayo, mashabiki hawakuyakataa maneno ya kukopa. Goli, penalti, kona na refa yamekaa bega kwa bega na bao, adhabu na mwamuzi, na hakuna aliyedhurika. Shabiki hachagui neno kwa kuuliza asili yake. Huuliza kama linafanya kazi.

Hata neno msimu lina safari yake. Limetokana na Kiarabu, na katika pwani yetu lilihusu majira ya pepo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Leo mtu wa Kimuli, ambaye majira yake ni ya mvua na ya kuchuma kahawa, husema msimu wa ligi bila kufikiri jahazi lolote. Neno limeacha bahari likapanda milima.

Lakini mchango mkubwa wa mashabiki, kwa maoni yetu, ni neno watani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, ingawa Simba haikulipata jina hilo hadi mwaka 1971. Kabla ya hapo iliitwa Sunderland. Timu mbili zinazogombea mji mmoja na mioyo ya nchi nzima zingeweza kuitwa mahasimu, na wako waandishi wanaoziita hivyo. Mashabiki, hata hivyo, walizipa jina la watani wa jadi. Utani ni desturi ya makabila yetu mengi: watani huruhusiwa kutaniana vikali, hata msibani, na hapana haki ya kukasirika. Aliyefungwa Jumamosi anajua kwamba Jumapili atasemwa, na anajua pia kwamba anayemsema atakuja kumsaidia kuzika. Neno hasimu halina ahadi hiyo. Hapa istilahi imefanya zaidi ya kutaja kitu; imewafundisha watu namna ya kushindana.

Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka huo huo likatunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Vyombo hivi viwili ni wa rika moja, na vinahitajiana. Kazi ya wanaistilahi katika michezo haikuwa kubuni upya kila neno, bali kukusanya yaliyokwisha kusemwa, kuondoa utata, na kujaza mapengo ambayo mashabiki walikuwa hawajayafikia.

Mfano wa kazi hiyo ni mpira wa magongo. Gongo kwa umoja ni fimbo nene, lakini katika Tanzania ni pia pombe haramu ambayo kila askari anaijua. Wingi wake, magongo, unaondoa mashaka. Mchezo wenyewe una heshima katika eneo letu. Kenya iliupeleka katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956, ikashika nafasi ya 6 mjini Tokyo mwaka 1964, na nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia mjini Barcelona mwaka 1971. Tanzania nayo ilicheza Moscow mwaka 1980. India ilitufunga mabao 18 kwa 0, lakini tulikuwapo.

Sasa mchezo huo umekuja kwa sura nyingine. Jijini Nairobi uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005, na hapo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakacheza mechi pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kwa hiyo si jambo la mbali tena. Kijana wa Kagera anayefuatilia michezo kwa simu yake atakutana nalo, na atataka kubishana juu yake. Atabishana kwa lugha gani?

Tulijaribu kuyapima maneno ya mpira wa miguu juu ya barafu, na matokeo yanatia moyo. Mlinda mlango anabaki mlinda mlango. Kuotea kunafaa pia, kwani mchezaji haruhusiwi kuingia eneo la wapinzani kabla ya kile kinachochezewa kuingia. Kipindi kinafaa kuliko tulivyotarajia: mchezo wa barafuni una vipindi 3 vya dakika 20 kila kimoja, na laiti mashabiki wetu wangalizoea kusema nusu, leo tungekuwa na nusu tatu. Kona haina kazi huko, nayo itapumzika.

Kitenzi kuteleza kinahitaji uangalifu. Katika mazungumzo yetu anayeteleza amekosea, ndiyo maana tunafarijiana kwamba kuteleza si kuanguka. Juu ya barafu anayeteleza vizuri ndiye bingwa. Hatuoni sababu ya kulikimbia neno. Viatu vya kutelezea vitaeleweka Kimuli mara moja, kwa kuwa tope la masika limekwisha kutoa mafunzo.

Barafu yenyewe ni neno la Kiajemi, ambako lina maana ya theluji. Na theluji tumeipata kwa Waarabu. Mwafrika wa Kagera huiona barafu ikianguka kwa jina la mvua ya mawe, inapopasua majani ya migomba. Barafuni, basi, ni mahali panapofikirika.

Ugumu uko katika kile kinachopigwa. Si tufe, ni kipande bapa cha duara, chenye upana wa sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54. Wengine wangesema kisahani, lakini kisahani ni mali ya riadha, nacho hurushwa kwa mkono. Jibu, kwa maoni yetu, liko katika neno tulilo nalo. Mpira kwa Kiswahili ni mti, ni utomvu wake, ni tufe na ni mchezo. Kipande hicho hutengenezwa kwa utomvu huo huo uliokaushwa. Kwa hiyo ni mpira kwa asili yake, ijapokuwa si kwa umbo. Tunapendekeza mpira bapa.

Pengo jingine liko katika ngazi za mchezo. Huko Marekani mashabiki hufuata ligi mbili kwa pamoja: ile ya vyuo, na ile ya kulipwa ya NHL iliyoanzishwa Montreal mwaka 1917. Mjini Boston vyuo vinne hugombea kikombe kimoja kila mwaka tangu mwaka 1952, na ubishi kati ya Boston College na Boston University ungeeleweka na kila mpenzi wa Simba na Yanga: hao ni watani wa jadi. Macklin Celebrini alichezea Boston University msimu wa 2023/24, na mwaka 2024 San Jose Sharks ilimchagua wa kwanza miongoni mwa vijana wote. Shabiki wetu angeita hatua hiyo usajili. Hapana, katika usajili mchezaji na timu hukubaliana, lakini huko timu huchagua kwa zamu, na kijana haulizwi anapenda wapi. Uteuzi ndilo neno linalofaa.

Vilevile tumezoea kugawa michezo ya ridhaa na ya kulipwa. Ridhaa ni neno zuri, la anayecheza kwa hiari ya moyo wake. Lakini tangu mwaka 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kupata fedha kwa majina yao. Sisi pia tuliwahi kuwa na wachezaji walioitwa wa ridhaa huku mishahara yao ikitoka katika mashirika yaliyomiliki timu. Yafaa basi tuseme ligi ya vyuo na ligi ya kulipwa, tukitaja mahali na malipo, na ridhaa tuliache kwa wale wanaolistahili.

Istilahi zisipokuwapo, mchezo huu utajadiliwa na wale tu waliosoma lugha za kigeni, na mtu wa Kimuli atabaki msikilizaji katika ubishi ambao angeweza kuushinda. Tunawaomba watangazaji wayajaribu maneno haya, mashabiki wayapige vita au wayakubali, na wasomaji watuletee yaliyo bora. Hasa tungependa kusikia kutoka Karagwe na Kyerwa kama Kinyambo kina neno la kitu bapa kitelezacho, ambalo Kiswahili kinaweza kuliazima.